Mti Uliopinda na Fundi wa Pwani

Barabara ya lami kutoka Bagamoyo hadi Msata ina urefu wa kilomita 64. Inauacha mji wa kale, inavuka bonde la Ruvu, kisha inapanda taratibu kuelekea bara, na njiani inapita Kiwangwa. Wengi wanaijua Kiwangwa kwa mananasi. Msimu ukifika, marundo yake hupangwa kandokando ya barabara na malori ya Dar es Salaam huja kuyabeba. Lakini ukanda huu hutoa pia mzigo mwingine, usio na msimu: magunia ya mkaa. Mkaa huo ulikuwa miti, na sehemu kubwa ya miti hiyo ilikuwa imepinda. Mti ulionyooka una mnunuzi wake kwenye mashine ya kupasulia mbao. Mti wenye panda, wenye kiwiko, uliolala kidogo kisha ukainuka, hauna anayeuulizia ila mwenye tanuri.

Ukirudi ufukweni Bagamoyo, mambo ni kinyume. Pale mafundi wa mashua wanatafuta mti uliopinda. Wanautafuta kwa macho, wanaulipia, na wakiupata wanauweka kando kama akiba. Kiti, kitanda, nyumba na chombo cha baharini vya pwani hii vilizaliwa kwa jicho la fundi huyo, na kwa karne nyingi jicho hilo ndilo lililoamua thamani ya mti.

Tuanze na chombo, kwa sababu ndicho kinachoeleza mengine. Mashua huanzia kwenye mkuku, gogo refu la chini linalobeba kila kitu. Mbele na nyuma husimamishwa miti ya kuzikutanisha mbao za ubavuni, na ndani ya mbao hizo hukaa mataruma, yaani mbavu za chombo. Hakuna taruma linalofanana na jirani yake. Katikati ya mashua tumbo ni pana, na taruma hufunguka kama upinde uliolegezwa. Kuelekea omo, yaani mbele, linabana, na miguu yake miwili hukaribiana. Fundi huchukua waya au ufito mwembamba, akaukunja mpaka ulale sawasawa juu ya ubao kwa ndani, halafu huondoka na umbo hilo mkononi kwenda kwenye rundo la matawi na mizizi lililo pembeni ya chombo. Anageuza tawi moja, analiacha. Anageuza la pili, analiinua juu, analitazama kwa jicho moja. Akipata linalokaribiana na umbo lake, kazi iliyobaki ni ya tezo: kupunguza hapa, kusawazisha pale, kulijaribu, kulitoa, kulijaribu tena, mpaka tawi na ubao vishikane bila mwanya.

Mtu asiyejua kazi hii anaweza kuuliza kwa nini fundi asichukue ubao mpana ulionyooka akachora upinde na kuukata kwa msumeno. Jibu limo ndani ya mti. Mti una nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, kutoka mzizini hadi kwenye kilele. Tawi likipinda, nyuzi nazo hupinda pamoja nalo bila kukatika. Ukichonga upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi unazikata njiani: upande mmoja wa upinde zinakuwa ndefu, upande wa pili vipande vifupi vilivyoshikana kwa ubavu tu. Hapo ndipo chombo kitakapovunjika siku bahari ikichafuka. Tawi lililopinda lenyewe limekwisha kuubeba uzito wake kwa miaka ishirini au arobaini kwenye upepo, likajiimarisha pale palipohitaji nguvu. Kwa hiyo fundi haongezi nguvu kwenye taruma. Anachofanya ni kuchunga asiiharibu iliyomo.

Miti ya kazi hiyo ilipatikana karibu. Kwenye mlango wa mto Ruvu, kaskazini ya mji, na zaidi kwenye mlango wa Wami, kuna mikoko ya aina nyingi, na kila aina ina mahali pake. Mlilana, unaoota mbele kabisa kwenye maji, hutoa matawi yaliyojikunja yafaayo kwa mataruma. Mkomafi una mti mwekundu mgumu, wenye rangi ya kupendeza ukishapigwa randa, na watu wa pwani wameutumia kwa vitanda na fremu za madirisha. Mkandaa na msinzi hunyooka, ndiyo ikawa miti ya kujengea. Ukiingia bara unapata mbambakofi, mvule, mninga, na kwenye mashamba miembe na mifenesi, ambayo ni miti ya matunda lakini ikizeeka huwa mali ya fundi.

Uundaji huu wa vyombo ni wa kale kuliko miji tunayoijua. Mwandishi mmoja wa Kiyunani wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliyeandika mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, alitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba katika pwani hii. Ushonaji huo uliendelea mpaka karne ya 20 kwenye mitepe ya visiwa vya Lamu, vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zikishikwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mtepe uliojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Chombo cha kushonwa kinamlazimisha fundi awe mwangalifu zaidi na umbo la asili. Msumari unaweza kuulazimisha ubao ukae mahali usipopataka kwa muda. Kamba haina nguvu ya kulazimisha kiasi hicho, kwa hiyo ubao na taruma lazima vipatane kabla ya kufungwa.

Kutoka kwenye chombo twende kwenye nyumba, kwa kuwa nyumba ndiyo iliyoamua samani ziweje. Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe yanayorudi hadi karne ya 13. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliona mji mzuri ambao nyumba zake, kwa maelezo yake, zilijengwa kwa miti. Baadaye mawe ya matumbawe na chokaa yalienea, lakini dari ilibaki ya mti, na mti huo ulikuwa boriti ya mkoko. Boriti nzuri ina unene wa kutosha kubeba dari ya mawe na chokaa kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ikizidi hapo hulegea katikati. Basi vyumba vya nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vikawa virefu na vyembamba. Hata mwenye nyumba angekuwa tajiri kiasi gani, upana wa chumba chake uliamuliwa na mkoko. Ugavi wa boriti ulikuwa mkubwa kiasi kwamba majahazi ya Uarabuni na Ghuba, yaliyokuja kwa kaskazi, yalirudi na kusi yakiwa yameshiba boriti za Rufiji na Lamu, na nyumba za huko nazo zikawa na vyumba vyembamba.

Ndani ya chumba kirefu chembamba kitanda hukaa mwishoni, na kinakuwa kirefu cha kwenda juu. Kitanda cha pwani kina matendegu manne na mifumbati miwili mirefu na miwili mifupi, na katikati kinawambwa kwa kamba za ukindu au makumbi. Kwenye kitanda cha kawaida cha shamba, mfumbati ulikuwa mti wa duara, uliotolewa gome tu na kulainishwa, na fundi alichagua miwili iliyopinda kwa kiasi kilekile ili uwambaji ukae sawa. Matendegu ya watu wa kipato yalikerezwa. Ya maskini yalichongwa kwa tezo, na tundu la kuingizia mfumbati likatobolewa kwa keekee, kile kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta. Ukikitazama kitanda cha namna hiyo, cha zamani, utaona kwamba hakuna pembe mraba popote, na hata hivyo hakichezi mtu akikilalia.

Wakwere, ambao Kiwangwa iko katikati ya nchi yao, hawakujenga kwa mawe. Nyumba yao ya udongo ilisimama juu ya nguzo za panda. Nguzo ya panda ni mti uliokatwa pale unapogawanyika kuwa mbili, shina likawa nguzo na mgawanyiko ukawa kikombe cha kupokelea mwamba. Juu ya mwamba zikalala kombamoyo, juu ya kombamoyo fito, juu ya fito makuti au nyasi. Hakuna msumari, na hakuna kiungo cha kuchongwa kwa ustadi mkubwa. Kazi ngumu ilifanywa msituni kabla shoka halijainuliwa: kutembea, kutazama juu, kuhesabu nguzo ngapi zinahitajika zenye panda za kimo kimoja, na kuacha zile ambazo bado ni changa.

Humo ndani kulikuwa na vigoda. Kigoda cha nchi hii huchongwa kutoka gogo moja, kiti na miguu vikiwa mti mmoja usio na kiungo. Fundi mzuri alitafuta gogo lenye mizizi iliyoachana au matawi yaliyotoka mahali pamoja, kisha akaligeuza juu chini ili matawi yawe miguu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ya udongo ikiwa na mabonde, na kwa kuwa mguu ni tawi lililoendelea kutoka kwenye kiti chenyewe, hauwezi kuchomoka. Wakwere na majirani zao Wazaramo, Wadoe, Waluguru na Wakutu walichonga pia mwana hiti, kifaa cha mafunzo ya mwali, pamoja na fimbo za wakubwa na viti vyenye mgongo mrefu. Mikono ileile iliyochonga kinu na mchi ndiyo iliyochonga vitu hivyo vya heshima. Nalisema hili kwa kuwa makumbusho za Ulaya zimevitenganisha, mwana hiti kwenye kabati la kioo na kinu stoo, na tukazoea kuamini kwamba kimoja ni sanaa na kingine ni chombo tu.

Karne ya 19 ilileta fedha nyingi na mstari ulionyooka. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, biashara ya pembe, karafuu na watumwa iliufanya mji wa Bagamoyo kuwa lango la misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walianzia pwani hii mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Waliotajirika walitaka milango ya nakshi, na kwa milango mikubwa ulitakiwa ubao mpana, mkavu, usiojikunja. Msaji uliletwa kutoka India. Vilikuja pia vitanda vya samadari, na mafundi wa Kihindi wenye misumeno mizuri na mizani ya macho iliyozoea pembe mraba. Kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa vipande vya pembe za ndovu na kuwambwa kwa nyuzi mgongoni, ni mfano bora wa mtazamo mpya. Kila kijiti chake kimenyooshwa, na kila kiungo kimepimwa. Mpingo, mti ambao kwa tabia haunyooki kabisa, ulikatwakatwa vipande vidogo mpaka ukatii.

Sikilaumu kiti cha enzi. Ni kazi ya ajabu, na mgeni aliyekaribishwa kukikalia alijua ameheshimiwa. Lakini kilibadilisha swali la fundi. Zamani aliuliza mti huu unafaa nini. Sasa akaanza kuuliza nitapata vipande vingapi.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walifundisha watumwa waliokombolewa kilimo na kazi za mikono, na useremala ulikuwamo. Huo ulikuwa useremala wa Ulaya, wa benchi, randa na mraba, na ndio uliokuja kurithiwa na shule za ufundi hadi leo. Kisha Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao ya kwanza mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na misafara ilipopotea na reli ya kati ikaanza kujengwa mwaka 1905 kutokea huko, mji ulinyamaza. Utawala huo ulianza mapema kuiwekea mipaka misitu ya mikoko, na mwaka 1904 ukatoa sheria ya misitu iliyouwezesha kutenga hifadhi. Fundi ambaye jana alitembea msituni na kuchagua tawi moja kwenye mti na kuuacha mti ukisimama, sasa alihitaji ruhusa. Na ruhusa ilihesabu magogo kwa ujazo. Tawi lenye kiwiko halina ujazo wa maana, kwa hiyo kwenye daftari la msitu halikuwa kitu.

Wakati huohuo ilianza kupandwa miti inayochaguliwa kwa unyofu wake. Mtiki uliletwa kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye, katika karne ya 20, ukaja msindano wa nyanda za juu, ambao leo unajaza shamba kubwa la Sao Hill kule Mufindi. Ukienda kwenye karakana yoyote ya Bagamoyo au Kiwangwa sasa, mbao utakazokuta zimeegemezwa ukutani ni za msindano, zimepasuliwa mbili kwa nne na moja kwa nane, zimesafiri mamia ya kilomita kufika mahali palipozungukwa na miti. Seremala anazinunua kwa kuwa ndizo za bei yake, na kwa kuwa ndizo alizofundishiwa. Mteja anataka sofa kama ya kwenye picha. Wote wawili wana haki yao. Ila matokeo yake ni kwamba hakuna anayeuangalia mti wa jirani.

Hata hivyo jicho la kale halikufa. Lilihamia kwenye uchongaji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mkamba mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alifika nchi hii, akaona Wazaramo wakichonga, akarudi nao ujuzi huo Ukambani. Kutoka kwake uchongaji ukaenea kijiji kizima, kisha ukawa biashara ya maelfu ya watu nchini Kenya. Wachongaji wa Kenya walitumia mpingo na muhugu mpaka ikaadimika, na kuanzia miaka ya 1990 ikabidi iendeshwe kampeni ya kuwavuta kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti ya mashambani inayokua upesi.

Kwa upande wa Tanganyika, Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walileta kitu kikubwa zaidi. Mpingo una kiini cheusi kilichozungukwa na sehemu nyeupe, na mara nyingi ndani yake kuna mashimo, nyufa na mizunguko isiyoonekana kwa nje. Shina lake huwa na matawi mengi, halina hata mita mbili zilizonyooka. Mchongaji anayetaka sanamu ya mtu aliyesimama wima hutupa nusu ya gogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, Samaki Likankoa alianza kuchonga viumbe vyenye mkono mmoja, jicho lililohama, tumbo lililotobolewa, mtindo uliokuja kuitwa shetani. Inasimuliwa kwamba sanamu yake moja ilivunjika mkono, naye mfanyabiashara Mohamed Peera akaipenda hivyohivyo na kumtaka achonge zaidi. Ukweli wa kisa hicho wauamue wengine. Ninachokiona mimi kwenye kazi za mtindo huo ni mchongaji aliyeacha gogo liongoze: palipo na tundu pakawa mdomo, palipo na tawi pakawa pembe, na ule weupe wa nje ukaachwa mahali fulani uwe ngozi au nywele. George Lilanga na wenzake waliobaki kwenye mkondo huo walilifikisha jambo hili duniani. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, bado wanafanya hivyo kila siku.

Kwingineko duniani nako watu waliufikia mti uliopinda kwa njia zao. Wajenzi wa meli wa Uingereza walitembea kwenye misitu ya mialoni wakitafuta viwiko vya kuunganishia sitaha. Vienna, Michael Thonet aliamua kutosubiri mti upinde wenyewe, akaupinda kwa mvuke, na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kikauzwa kwa mamilioni. Marekani, George Nakashima, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani, alijifunza useremala wa Kijapani akiwa kizuizini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha huko New Hope akatengeneza meza ambazo ukingo wake ulibaki vile mti ulivyokua, na ufa wake ukafungwa kwa vipande vya mti vyenye umbo la kipepeo. Kazi zake leo ziko kwenye makumbusho. Fundi wa mashua wa Bagamoyo akiiona meza hiyo asingeshangaa sana. Angeuliza tu ni mti gani.

Sasa turudi kwenye mkaa, kwa sababu ndio unaoila historia hii. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania hutumia mkaa wa tani milioni 1 kwa mwaka, na karibu nusu yake Dar es Salaam peke yake. Watafiti waliopima misitu kuanzia Dar es Salaam kwenda nje, kati ya mwaka 1991 na 2005, walikuta uharibifu ukienda kwa mawimbi. Wimbi la mbele lilikuwa la miti ya mbao ya thamani, likisogea kilomita 9 hivi kila mwaka. Nyuma yake lilifuata wimbi la mkaa, likisogea kilomita 2 hivi kila mwaka. Mpangilio huo unaeleza yaliyoupata ukanda wa Kiwangwa vizuri kuliko hotuba yoyote. Kwanza mininga, mivule na mibambakofi iliyonyooka ilitoka. Iliyobaki ilikuwa ile iliyopinda, michanga na ya zamani, na tanuri likaja kuichukua. Katika wimbi la kwanza msitu ulipoteza mbao. Katika la pili ulipoteza mataruma, nguzo za panda, miguu ya vigoda na mgongo wa kila kiti ambacho kingeweza kutokea humo, na hayo hakuna aliyeyahesabu.

Umbo halirudi upesi. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100 kukomaa. Mwembe hukua kwa kasi zaidi, lakini tawi lenye kiwiko kinene cha kufaa kuwa taruma ni la miaka mingi, na huwezi kuliagiza. Ndiyo maana naona kuchoma mkaa mti wenye umbo adimu ni hasara kubwa kuliko kuchoma uliokuwa na unyofu. Unyofu Mufindi wanauotesha kwa mistari.

Unguja na Lamu wapo mafundi wanaorudisha baadhi ya kilichopotea kwa njia ya kinyumenyume. Wananunua majahazi na mashua yaliyochoka, wanayavunja, na mataruma na mbao zake wanazigeuza viti, meza, makabati na vitanda. Mti wa chombo kilichozeeka umelowa chumvi, umekauka, umelowa tena, umepakwa sifa ya papa miaka na miaka. Wadudu hawaupendi. Matundu ya misumari yanabaki, na alama za kalafati pia. Taruma likiwekwa ubavuni huwa mkono wa kiti, na mawili yakikutanishwa huwa miguu ya benchi bila kukatwa upinde wake hata kidogo. Ni kazi nzuri, na wageni wanaipenda. Lakini ni kazi inayokula vyombo, na vyombo vipya vya mbao vinazidi kupungua ufukweni kwa kadiri faiba inavyoingia.

Njia ya pili iko mashambani, na hapo Kiwangwa ina utajiri ambao bado upo. Katikati na pembezoni mwa mananasi imesimama miembe na mikorosho ya zamani. Mkorosho hautaki kunyooka. Matawi yake huelekea chini, hugusa ardhi, huinuka tena. Mwembe wa kizamani una panda kubwa kwa kimo cha mtu. Miti hii ikiacha kuzaa hung'olewa, na kwa kuwa ni ya shamba na si ya hifadhi, mwenye shamba ndiye anayeamua iende wapi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Soko la mkaa likipungua kwa kiasi hicho, miti hii itahitaji mnunuzi mwingine.

Mnunuzi huyo akiwa seremala, atapaswa kubadili utaratibu wa kazi yake. Kiti cha mbao za dukani huanza na mchoro, vipimo, halafu mbao. Kiti cha mti uliopinda huanza na kutembea. Seremala anazunguka mwembe uliolala, anatafuta matawi mawili yanayofanana upinde, yatakayokuwa miguu ya nyuma na mgongo kwa pamoja, kwa sababu mguu wa nyuma unaoendelea kuwa mgongo hauna kiungo cha kuvunjika. Anachora kwa chaki palepale kwenye gome kabla mashine haijawashwa. Anaacha sentimita kadhaa zaidi kila upande, kwa kuwa mti utajikunja ukikauka. Tawi lililokua limeinama huwa limejivuta upande wa juu kwa miaka yote hiyo, na likipasuliwa katikati vipande viwili huachana kama vilikuwa vikisubiri. Kwa hiyo tawi lililopinda halipasuliwi bure. Likitumika zima au karibu zima hutulia, likipasuliwa mbao nyembamba hukataa.

Kisha kukausha. Mti wa mwembe ukiachwa juani hupasuka, ukiachwa kwenye unyevu hushikwa na ukungu na dumuzi. Ncha zake zipakwe rangi au nta siku hiyohiyo ulipokatwa, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na ndiko ufa unakoanzia. Uwekwe kivulini juu ya vijiti, upepo upite chini na juu. Tawi nene kama paja likikaa mwaka mmoja bado halijamaliza kukauka katikati. Fundi wa mashua anakwepa tatizo hili kwa sababu chombo chake kitaishi majini. Seremala hawezi kulikwepa, na hapo ndipo wengi wanaokijaribu kiti cha namna hii hukata tamaa, maana mteja anataka kitu chake Ijumaa.

Kwa hiyo anayekitaka kweli aanze na mwenye shamba, kabla ya mchoma mkaa, wakati mwembe bado umesimama. Wakubaliane bei ya matawi yenye umbo, moja moja, mbali na bei ya shina. Shina liende mashine, vijiti viende jikoni. Viwiko na panda vibaki kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba, vikiwa na tarehe ya kukatwa iliyoandikwa kwa chaki kwenye ncha.